Tini Tamu Bustanini: Jinsi ya Kuchagua Aina ya Mtini Itakayoivisha Vizuri Kwako

Tini haiivi ikishachumwa. Parachichi na ndizi unaweza kuzichuma zikiwa ngumu zikaivia ndani, lakini tini iliyokatwa kabla ya wakati wake itanywea na kulegea kidogo tu. Sukari haiongezeki tena. Ndiyo sababu watu wengi wameonja tini ya kununua, wakaiona tunda la maji lisilo na mbele wala nyuma, wakaachana nalo. Tini iliyoiva barabara ina ngozi laini mno, haivumilii safari. Kwa hiyo wakulima wa biashara huchuma mapema, tena hupenda aina zenye ngozi nene.

Mwenye bustani hana haja ya kufuata njia hiyo. Anaweza kupanda aina ambayo hakuna mfanyabiashara angethubutu kuipakia kwenye gari, akaiacha mtini mpaka siku yake ya mwisho. Tatizo ni kwamba wengi huchagua kwa sifa: wanasikia aina fulani ndiyo tamu kupita zote, wanaitafuta kwa udi na uvumba, halafu baada ya miaka minne wanapata tini zilizochacha au zilizobaki kijani mpaka baridi ikaingia. Utamu unaosifiwa ni wa tini iliyomaliza kuiva. Ikiwa aina hiyo haimalizi kuiva unapoishi, sifa zake hazikusaidii. Basi uchaguzi una maswali matatu, na ni vizuri kuyafuata kwa mpangilio huu: je, mti utazaa bila nyigu? Je, ladha yake unaipenda? Na je, hali ya hewa yako itaufikisha mwisho?

Kwanza hakikisha mti utazaa

Tini unayokula ni kifuko kilichogeuzwa, maua mamia yakiwa ndani. Njia pekee ya kuingia ni kitundu kidogo kilicho chini, upande ulio mbali na kikonyo. Hapa tutakiita kitovu. Kikumbuke kitovu hicho, kwa maana kitarudi tena tutakapofika kwenye mvua.

Mitini imegawanyika kwa namna inavyochavushwa. Ile ya kawaida huivisha matunda yake bila kuchavushwa kabisa, na hiyo ndiyo inayowafaa karibu watu wote. Kundi la Smirna halizai bila chavua, na chavua hiyo huletwa na nyigu mdogo sana, Blastophaga psenes, anayezaliana ndani ya tini za mtini dume. Pasipo nyigu, tini za Smirna hufikia ukubwa wa ncha ya kidole gumba, hunyauka, kisha hudondoka zote. Kundi la tatu ni San Pedro: hili huivisha zao la kwanza bila nyigu, lakini zao kuu huanguka. Mtini dume wenyewe huzaa tini kavu zisizo na utamu, na kazi yake ni kufuga nyigu na kutoa chavua.

Hili si jambo la vitabuni tu. Katika miaka ya 1880 wakulima wa California waliagiza mitini ya Smirna kutoka Uturuki ili washindane na tini kavu za huko. Miti ilistawi, matunda yakadondoka mwaka baada ya mwaka. Mpaka nyigu alipoletwa na kukubali kuishi huko mnamo 1899 ndipo mashamba yale yalipoanza kutoa kitu. Tini hiyo leo inaitwa Calimyrna, na bado inauzwa kwenye vitalu kwa watu wasio na nyigu, ambao wataungoja mti wao bure. Kama hukai mahali ambapo mitini dume na nyigu wapo tayari, kama vile nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania na sehemu za California, iache Calimyrna, ambayo Waturuki huiita Sari Lop, pamoja na jamaa yake Bursa Siyahi, hata kama umeambiwa ni tamu. Ni tamu kweli, lakini haitakuzalia.

Muulize muuzaji maswali mawili na usikubali jibu la kubahatisha: hii ni ya kawaida, ya San Pedro au ya Smirna? Na je, mche huu umetoka kwenye tawi la mti unaozaa, au umeoteshwa kwa mbegu? Miche ya mbegu karibu nusu yake huwa madume, na majike yanayobaki hayafanani na mama yao kwa ladha. Mbegu ni kwa watafiti wenye eneo kubwa na subira ya miaka.

Ladha: asali, sukari, au forosadi

Rangi ya ngozi haikuambii ladha. Tini ya kijani inaweza kuwa na nyama ya njano yenye utamu wa asali, au nyama nyekundu yenye uchachu wa stroberi. Pasua, kisha utazame ndani.

Kundi la asali lina ngozi ya kijani kibichi au njano na nyama ya rangi ya kaharabu. Utamu wake ni mmoja, mpana, hauna uchachu. Kadota, ambayo Waitalia huiita Dottato, ndiyo mwakilishi mkuu. Lattarula na Peter's Honey ziko humo. Anayependa asali, tende na vitu vitamu moja kwa moja atafurahi hapa. Asiyependa atasema zinakinaisha baada ya tini mbili.

Kundi la kati lina ngozi ya kahawia au zambarau iliyofifia, na nyama ya waridi au kahawia nyepesi. Celeste na Brown Turkey ndizo zinazojulikana zaidi. Ladha ni ya upole: sukari guru, harufu kidogo, hakuna ukali. Celeste ni ndogo lakini imekolea; Brown Turkey ni kubwa zaidi na mara nyingi ina maji zaidi. Kama nafasi ni ya mti mmoja na zote mbili zinastawi kwako, mimi ningechukua Celeste kwa ajili ya mdomo na kuacha Brown Turkey kwa anayetaka wingi.

Kundi la tatu ndilo linalowatia watu wazimu. Nyama ni nyekundu kama jamu, utamu umechanganyika na uchachu, na kuna harufu ya forosadi au rasiberi. Si ajabu, kwa kuwa mtini na mforosadi ni wa ukoo mmoja. Zenye ngozi ya kijani humu ni Adriatic, Green Ischia na Panachée, ile yenye mistari ya njano na kijani. Zenye ngozi nyeusi ni Violette de Bordeaux, Ronde de Bordeaux, Black Madeira, na Col de Dame Noir. Black Mission, ambayo Wafransisko waliipanda kwenye misheni zao za California katika karne ya 18, imesimama katikati ya kundi hili na lile la sukari: ina utamu mzito wenye harufu ya tunda, ila uchachu wake ni mdogo.

Ukipata nafasi ya kuonja kabla ya kununua, onja kwa utaratibu. Usionje tini iliyotoka kwenye friji, kwa sababu baridi huficha harufu. Usionje siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, kwa kuwa mti umevuta maji na kila kitu kimepwaya. Chukua tini tatu kutoka pande tofauti za mti. Menya kipande cha ngozi ukile peke yake: kuna aina ambazo ngozi yake ni chungu kidogo au inatafunika kama karatasi, na utalazimika kuimenya kila mara. Kisha ule nyama ya katikati, usikilize mbegu. Wengine wanapenda ule mchakariko, wengine unawaudhi. Mwisho, meza na ungoje. Tini nzuri huacha harufu mdomoni kwa muda; tini ya kawaida huacha sukari tu.

Onja pia mti wenye umri. Mtini wa mwaka wa kwanza au wa pili wa kuzaa hutoa tini zenye maji, wakati mwingine kavu katikati, na aina nyingi nzuri zimeng'olewa kwa hukumu ya mapema. Subiri mpaka mwaka wa tatu wa kuzaa, hata wa nne kwa aina za kuchelewa.

Hali ya hewa ndiyo yenye neno la mwisho

Mtini una mazao mawili. La kwanza hutokea kwenye matawi ya mwaka uliopita, huiva mapema, na kwa aina nyingi ni matunda machache, makubwa, yasiyokolea sana. Zao kuu hutokea kwenye matawi mapya ya mwaka huohuo, na ndilo lenye utamu wa aina hiyo. Tangu tini ya zao kuu ichomoze mpaka iive ni karibu miezi mitatu hadi minne. Na haikui kwa mwendo mmoja: hukua haraka mwanzoni, husimama kwa wiki nyingi kana kwamba imekufa, kisha katika siku chache za mwisho huvimba ghafla, hubadili rangi na kujaa sukari. Joto likiisha tini zikiwa bado zimesimama, zao limepotea lote, hata kama mti umefunikwa na tini.

Kwa hiyo, mahali penye kiangazi (yaani msimu wa joto) kifupi chagua aina ya mapema. Ronde de Bordeaux ni chaguo zuri sana hapo: ndogo, nyeusi, iliyokolea, na huiva mbele ya nyingi. Violette de Bordeaux hufuata. Pale ambapo kiangazi si kifupi tu bali pia kina ubaridi, geuza hesabu: tafuta Desert King. Ni ya kundi la San Pedro, lakini zao lake la kwanza ni kubwa na tamu kwelikweli, ngozi ya kijani na nyama ya stroberi, na kwa sababu linakaa kwenye matawi ya mwaka jana halihitaji kiangazi kirefu. Pwani ya Pasifiki kaskazini-magharibi mwa Marekani watu wanaitegemea kwa sababu hiyo. Ukiipanda, usipogoe matawi yote ya mwaka jana. Ukiyakata, umekata matunda.

Black Madeira na Col de Dame Noir ziko upande wa pili. Huenda ndizo tini zenye ladha nzito kuliko zote, lakini huchelewa. Zinataka msimu mrefu, wa joto na ukavu mwishoni. Anayekaa kwenye baridi ya mapema na bado anazitaka, azipande kwenye chungu na kuziingiza kwenye banda la plastiki. Kuzipanda ardhini na kuomba heri hakutoshi.

Kuhusu baridi kali: mtini mkubwa uliolala bila majani kwa kawaida huvumilia nyuzi 7 hadi 10 za selsiasi chini ya sifuri; mche mchanga huvumilia pungufu ya hapo. Chicago Hardy inasifiwa kwa sababu hata ikifa mpaka usawa wa ardhi, huchipuka kutoka mizizini na kuzaa zao kuu mwaka uleule. Ladha yake ni nzuri ya wastani. Aina nyingine zinazokufa hadi chini nazo huchipuka, lakini mara nyingi msimu huisha kabla matunda yake hayajaiva.

Pale pasipo na baridi kabisa, mtini hauna shida kubwa, kwa kuwa mahitaji yake ya ubaridi ni madogo. Adui wa huko ni unyevu. Kutu ya mtini, ugonjwa wa ukungu unaoleta madoa ya hudhurungi chini ya majani, hupukutisha majani mapema, na mti usio na majani hauna pa kutengenezea sukari. Matunda yatabaki mtini, yatalainika, lakini yatakuwa matupu mdomoni. Panda mahali penye upepo, ukate matawi ya katikati ili mwanga upenye, na ukusanye majani yote yaliyoanguka uyachome au uyafukie mbali.

Mvua na kitovu

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua. Tini ikikaribia kuiva, kitovu chake hulegea. Kikiwa kipana, maji ya mvua huingia, nzi wa matunda na mbawakawa wadogo huingia, na wanabeba hamira na bakteria. Ndani ya siku moja au mbili tini inageuka pombe: ukiikaribia unasikia harufu ya siki, povu au maji ya waridi yanadondoka kitovuni, na ukiipasua nyama imekuwa ya majimaji na rangi imezima. Hakuna dawa ya kupuliza itakayoliondoa tatizo hilo. Dawa ni aina ya mti.

Mahali penye mvua wakati wa kuivisha, chagua tini yenye kitovu kilichofungwa. Celeste inajulikana kwa hilo, na ndiyo sababu imedumu kusini mwa Marekani ambako kiangazi kina mvua na jasho. Alma, iliyotolewa na watafiti wa Texas, huziba kitovu chake kwa tone la utomvu mzito. Umbo lake halivutii, lakini ladha ni nzuri. Kadota nayo huwa na tone la asali mlangoni. LSU Purple ilizalishwa Louisiana kwa hali kama hizo. Kinyume chake, Brunswick ina tini kubwa za kupendeza ambazo hupasuka na kuchacha mvua ikigusa. Iache kwa sehemu kavu.

Unapokagua mti wa mtu, pindua tini inayokaribia kuiva ukitazame kitovu. Ukiona kimefumba kama mdomo uliokazwa, au kimezibwa na tone linalong'aa, hiyo ni alama njema. Kikipitisha njiti ya kiberiti bila kugusa pembeni, fikiria mara mbili.

Nafasi uliyonayo

Black Mission na Kadota ni miti mikubwa. Ardhini ipe kila mmoja mita 5 hadi 6 kutoka mti mwingine, na mbali na mabomba na msingi wa nyumba. Celeste ni ya wastani. Violette de Bordeaux ni ndogo kwa maumbile na hufaa kwenye chungu kuliko nyingine ninazozijua, bila kupoteza ladha. Chungu kiwe cha lita 40 hadi 60, chenye matundu ya kutosha chini. Kila baada ya miaka miwili au mitatu utoe mti, ukate robo ya mizizi ya pembeni, na kurudisha na udongo mpya. Usipofanya hivyo mizizi itajizungusha, maji hayatashika, na tini zitadondoka kila jua likiwaka.

Popote utakapopanda, jua lisipungue saa 6 kwa siku, na 8 ni bora. Hakuna aina inayokuwa tamu kivulini. Ukuta unaopokea jua la mchana huongeza joto na unaweza kukupa wiki mbili za ziada za kuivisha, na kwa aina ya kuchelewa wiki mbili hizo zinaweza kuokoa msimu mzima.

Kununua mche bila kudanganyika na jina

Majina ya tini yamevurugika. Brown Turkey inayouzwa California si ile inayoitwa Brown Turkey Uingereza. Ni miti miwili tofauti. Aina moja inaweza kuwa na majina kumi katika nchi kumi: Violette de Bordeaux huuzwa pia kama Negronne. Kwa hiyo jina kwenye kibandiko ni mwanzo wa maulizo tu. Njia ya uhakika kuliko zote ni kukata tawi kwenye mti ambao umeonja tunda lake.

Kabla ya kupokea mche wowote, utoe kwenye mfuko uitazame mizizi. Ukiona vinundu vingi kama shanga, hiyo ni minyoo ya mizizi, urudishe. Kwenye ardhi ya kichanga minyoo hiyo hudhoofisha mti pole pole, na haiondoki. Tazama majani pia. Mabaka ya njano yasiyo na mpangilio na majani yaliyopindika ni dalili za batobato, inayoenezwa na utitiri na kwa vipando vyenyewe. Mitini mingi inaibeba na kuishi nayo, ila Black Mission huathirika sana. Chagua mche wenye dalili chache kadiri iwezekanavyo, wala usiamini kwamba mbolea itaiponya.

Kama unaotesha mwenyewe, fuata hivi:

Kata tawi la mwaka jana mti ukiwa umelala, au kwenye sehemu zisizo na baridi, wakati wa mapumziko yake, kabla haujachipua. Unene uwe wa penseli au kidogo zaidi, urefu sentimita 15 hadi 20, na vifundo vitatu au vinne. Kata chini kidogo ya kifundo upande wa chini, na sentimita 2 juu ya kifundo upande wa juu.

Vaa glavu. Utomvu wa mtini ukikaa kwenye ngozi inayopigwa na jua huleta malengelenge na madoa meusi yanayodumu wiki nyingi.

Acha vipando vikauke utomvu kwa siku moja kivulini. Kisha vichomeke kwenye mchanganyiko mwepesi unaopitisha maji, mfano nusu mchanga mnene na nusu mboji ya nyuzi za nazi, ukiacha jicho moja tu juu. Weka mahali pa joto la nyuzi 20 hadi 25, bila jua kali.

Mizizi hutokea kwa wiki 3 hadi 6. Hapa ndipo wengi hukosea: majani huchomoza kwanza, kwa akiba iliyomo kwenye tawi, na mtu anadhani mche umeshika. Anaanza kumwagilia kwa wingi, na kipando kinaoza chini huku juu kikionekana kizima. Udongo uwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, si zaidi, mpaka uone mizizi kwenye pembe za chombo.

Kutunza ili ladha ifike

Chimba shimo pana kuliko la kina, na panda mche sentimita 5 hadi 10 chini zaidi ya ulivyokuwa kitaluni ili shina litoe mizizi ya ziada. Udongo wa pH 6 hadi 6.5 unaupendeza. Weka matandazo ya sentimita 8 hadi 10, yasiguse shina.

Naitrojeni nyingi ni sababu kubwa ya tini zisizo na ladha. Mti hupiga majani mapana, matawi marefu, na matunda yanachelewa. Kipimo rahisi ni urefu wa tawi jipya kwa mwaka: likifika sentimita 30 hadi 60, usiongeze chochote. Likiwa fupi ya 30, weka mboji au samadi iliyooza vizuri mwanzoni mwa ukuaji, kamwe si mwishoni.

Maji yawe ya kawaida mpaka tini zianze kuvimba, karibu milimita 25 hadi 40 kwa wiki mvua isiponyesha. Ukiacha ardhi ikauke kabisa tini changa hudondoka. Ukimwagilia ghafla baada ya ukame, zilizokomaa hupasuka. Zikianza kubadili rangi, punguza kiasi bila kukausha. Hapo sukari hukolea.

Upogoaji hutegemea aina. Celeste na Alma zipogolewe kidogo tu, la sivyo zao hupungua. Brown Turkey na Chicago Hardy huvumilia kukatwa sana. Msimu ukiwa mfupi, bana ncha ya tawi jipya baada ya majani matano au sita. Mti utaacha kurefuka na kuelekeza nguvu kwenye tini zilizopo.

Na uchume kwa wakati. Tini iliyoiva husimulia yenyewe. Mpaka jana ilikuwa imesimama wima au imelala mlalo. Leo shingo imelegea na tini inaning'inia chini. Ngozi imepoteza mng'ao, ina mistari myembamba meupe kama nyufa za chungu kikavu. Ukiibonyeza kwa dole gumba karibu na shingo inabonyea, si kitovuni tu. Kwa aina nyingi tone la asali huonekana chini. Ikunje kuelekea juu. Inapaswa kukatika bila kuvutwa. Maziwa meupe yakitoka kwenye kikonyo, ulikuwa umewahi. Kagua mti kila asubuhi, kwa sababu kati ya "bado" na "imeshachacha" kuna siku mbili au tatu tu, na ndege wanahesabu siku hizo vizuri kuliko wewe. Mfuko mdogo wa wavu kwa kila tini, au wavu juu ya mti mzima, uwekwe mara rangi inapoanza kugeuka.

Ukiona umechagua vibaya

Usiukate mti upesi. Tini tupu zinaweza kutokana na kivuli, mti mchanga, mbolea, kutu au kuchuma mapema, na hayo yote hurekebishika. Zinazodondoka zikiwa changa kila mwaka, mti ukiwa na afya na maji, karibu hakika zitakuwa za Smirna au zao kuu la San Pedro. Hizo hazirekebishiki pasipo nyigu. Zinazochacha kila mvua inaponyesha zina kitovu kisichofaa kwako.

Kwa hayo mawili ya mwisho, mizizi yako bado ni mali. Badilisha aina kwa kubebesha. Kata vikonyo, hapa yaani vijiti vya kupachika kwenye mti wako, vya aina unayoitaka mti wake ukiwa umelala, uvifunge kwenye karatasi yenye unyevu na plastiki, na uviweke kwenye friji. Mti wako unapoanza kuamka na gome linabanduka kwa urahisi, kata tawi lenye unene wa sentimita 3 hadi 5 kwa msumeno, upasue gome wima kwa sentimita 4, na uchomeke kikonyo chenye macho mawili kilichochongwa upande mmoja mshazari, sehemu iliyochongwa ikigusana na mti. Futa utomvu kwanza, kwa kuwa ukijaa hapo huzuia kushikana. Funga kwa utepe wa plastiki, na uzibe kila kidonda kwa nta, pamoja na ncha ya kikonyo. Weka vikonyo viwili kwenye kila kisiki ili kimoja kikifa kingine kibaki. Acha tawi moja la zamani likiendelea kulisha mizizi mwaka huo. Ukiyaondoa yote kwa mpigo, mti hutoa machipukizi mengi kutoka chini na kukinyima chakula kikonyo kipya. Machipukizi ya chini yavunje kila wiki. Mwaka unaofuata, kikonyo kikishafika urefu wa mita moja, ondoa lile tawi la zamani; mara nyingi mwaka huohuo utaonja tini za kwanza za aina mpya.